Wanawake wa Ouagadougou na miiko yao: nani anaweza kunieleza?

Mama Zuhura, Mwanga – Kigoma

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni mama lishe hapa Mwanga, mwaka wa kumi na tisa huu nasonga ugali wa muhogo kwa migebuka na dagaa. Swali langu lina mzizi mrefu kidogo, mnivumilie.

Mei 2015, Warundi walipokuwa wanaukimbia mji wa Bujumbura, maelfu waliishia Kagunga, kijiji cha ziwani mpakani na Burundi. Mnaoijua Kagunga mnajua palivyobanwa: mlima nyuma, ziwa mbele, watu wamelala mchangani hadi maji yanagusa miguu. Meli ya Liemba ikawa inawafuata huko na kuwashusha hapa Kigoma, mamia kwa kila safari, halafu wanapitia uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kipindupindu kilishaingia. Akina mama wa mtaani kwetu tulichangishana unga tukawa tunapika uji.

Siku moja akaja mama wa makamo aliyetokea Musaga, Bujumbura. Kirundi na Kiha vinasikilizana, kwa hiyo tuliongea bila mkalimani. Mtoto mgongoni, na furushi la kitenge mkononi. Alipolifungua nikaona sufuria moja, vyeti vya shule vya kijana wake mkubwa, na mwiko. Nikamwuliza, dada, katika vyote ulivyoviacha nyumbani, hiki cha nini? Akasema wanawake wa Burkina Faso walimwondoa rais wao wakiwa wameshika hiki, na wao kule Bujumbura walitoka mikono mitupu. Akanisimulia Jumapili ya tarehe 10 Mei, wanawake walivyoingia katikati ya mji kwa miguu kukataa muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza. Siku tatu baadaye likatokea jaribio la mapinduzi ya kijeshi, likashindwa, na baada ya hapo mitaa yao haikukalika tena.

Alikaa nasi siku nne. Alikoroga uji kwa mwiko wake mwenyewe, hakutaka wangu. Kisha basi likawachukua. Sijamwona tena hadi leo, na sikuwahi kumwuliza zaidi kwa sababu foleni ya vikombe ilikuwa ndefu.

Maneno yake hayajanitoka. Bibi yangu mzaa mama, kule Heru, alikuwa hapatani kabisa na mtu anayempiga mtoto wa kiume kwa mwiko. Ukithubutu anakunyang'anya, anauosha, anauweka juu ya dari siku nzima. Nilidhani ni mambo ya kwetu tu. Sasa nasikia watu wa mbali namna ile, wasiojua hata salamu yetu, nao wanauogopa mwiko.

Nauliza mawili. Kwanza, ni kweli wanawake wa Burkina waliandamana na miiko, na kwa nini mwiko? Pili, na hili ndilo linaloniuma: kwa nini Ouagadougou ilifika mwisho na Bujumbura ikaishia kwenye mchanga wa Kagunga? Watu wale wale, hoja ile ile ya rais kutaka kuongezewa muda, na muda uliopita kati ya moja na nyingine haufiki hata miezi saba.

Mwalimu wa Kifaransa, Kasulu

Shikamoo mama yangu. Nilikuwa chuoni mwaka ule wa 2014, nikifuata mambo ya Burkina redioni kwa Kifaransa kila usiku, kwa hiyo nitakujibu kwa ninayoyakumbuka vizuri.

Ni kweli kabisa. Jumatatu tarehe 27 Oktoba 2014 mamia ya wanawake walishuka barabarani Ouagadougou, mji mkuu wa Burkina, wameinua miiko. Mmoja wa waliokuwa mstari wa mbele ni mwanasiasa aitwaye Saran Sérémé. Utafurahi kujua kwamba chakula chao kikuu, tô, ni ugali, wa mtama au uwele, kwa mchuzi wa bamia. Kwa hiyo mwiko wao ni mwiko kama wako, wa kusongea. Na kwao mwanamke kumwinulia mwanamume mwiko ni jambo la mwisho kabisa. Hafanyi kwa hasira ya siku moja. Akiuinua ametangaza kwamba hakuna tena heshima kati yenu, na mwanamume aliyeinuliwa anahesabiwa amelaaniwa, nguvu zimemtoka. Hebu fikiria hapo: rais aliyetawala tangu 1987, na anainuliwa mwiko hadharani na wake za watu na mama za watu.

Sisi kwenye Kiswahili tumebahatika, neno linabeba yote mawili, chombo na katazo. Nikifundisha habari hii darasani sihitaji kueleza, naliandika neno ubaoni na wanafunzi wananyamaza wenyewe.

Hoja yenyewe ilikuwa Ibara ya 37 ya katiba, inayosema rais achaguliwe kwa miaka mitano na arudie mara moja tu. Blaise Compaoré alishashinda 1991, 1998, 2005 na 2010. Muda wake ulikuwa unaisha 2015. Tarehe 21 Oktoba 2014 serikali ikatangaza mswada wa kuibadili ibara hiyo, na ikajipanga kupata robo tatu ya wabunge ili isilazimike kwenda kwa wananchi kupiga kura ya maoni. Kura ya bunge ikapangwa Alhamisi tarehe 30.

Wanawake Jumatatu. Jumanne tarehe 28 mji mzima ukamwagika barabarani. Alhamisi asubuhi watu wakavunja vizuizi, wakaingia bungeni, bunge likaungua kabla kura haijapigwa. Ijumaa tarehe 31 Compaoré akajiuzulu. Msafara wake ulielekea kusini, Wafaransa wakamchukua kwa helikopta, akafikia Yamoussoukro, Côte d'Ivoire. Siku nne, mama, kutoka mwiko hadi helikopta. Lakini kulikuwa na gharama: zaidi ya watu ishirini waliuawa, na majeruhi ni mamia.

Kikundi cha vijana kilichosikika sana kiliitwa Le Balai Citoyen, yaani Ufagio wa Raia, kilichoanzishwa 2013 na wanamuziki wawili, Smockey na Sams'K Le Jah. Mwiko wa jikoni, ufagio wa uani. Na baada ya Compaoré kuondoka, vijana walitoka kweli na mafagio wakafagia mitaa, moshi haujatulia bado. Hiyo picha ndiyo iliyonishika kuliko moto wa bungeni. Mtu anayefagia ameshahesabu kwamba kesho atakuwepo hapo.

Sasa Bujumbura. Sikubaliani na wanaosema Warundi walikosa ujasiri. Waliandamana wiki kwa wiki kuanzia mwishoni mwa Aprili. Ila maandamano yalibaki Bujumbura, na hata humo yalikuwa na mitaa yake, Musaga, Nyakabiga, Cibitoke, Ngagara, ambayo polisi waliweza kuifunga mmoja mmoja. Vijijini chama tawala kilikuwa na mizizi na vijana wake, Imbonerakure. Halafu tarehe 13 Mei Jenerali Godefroid Niyombare akatangaza kumpindua Nkurunziza, rais akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano. Jeshi likagawanyika, walinzi wa serikali wakashinda, redio binafsi zikachomwa. Tangu siku hiyo kila mwandamanaji aliweza kuitwa mpinduzi. Burkina kwanza watu walisimama, jeshi likaja baadaye. Bujumbura jeshi liliingia katikati ya watu na kuwaharibia.

Jambo jingine ni kwamba nyumba ya Compaoré ilishaanza kubomoka kwa ndani. Januari 2014 vigogo wake watatu, Roch Marc Christian Kaboré, Salif Diallo na Simon Compaoré, walikihama chama tawala na kuanzisha chao. Wanajua siri zote, wanajua nani analipwa na nani. Mtawala akishaachwa na watu kama hao, hata walinzi wake wanaanza kuhesabu siku.

Mstaafu wa Reli, Tabora

Mama Zuhura, salaam. Mwalimu, umeeleza vema, lakini umeanzia mwisho. Watu wa Ouagadougou hawakujifunza mwaka 2014 kwamba serikali inaweza kuanguka. Walijua tangu 1966, na wengi walisimuliwa na wazazi wao jinsi ilivyokuwa.

Nilikuwa fundi karakana ya Tabora miaka thelathini na moja, na siku za chama cha wafanyakazi nilisoma sana habari za vyama vya Afrika Magharibi, kwa sababu wale nao ni watu wa reli. Reli yao inatoka Abidjan, ikafika Ouagadougou 1954. Mji wa mwisho wa reli una tabia zake. Kigoma mnajua. Kila habari inashuka na abiria.

Nchi ilikuwa inaitwa Volta ya Juu, rais wa kwanza Maurice Yaméogo. Vyama vya upinzani vilishafutwa, kimebaki chake. Mwishoni mwa 1965 hazina imekauka, akatangaza mishahara ya watumishi ipunguzwe asilimia 20. Ndugu zangu, mimi nimelea watoto sita kwa mshahara wa fundi. Asilimia 20 si namba kwenye karatasi. Ni ada ya mtoto mmoja na dawa ya mama yako, na mshahara wa mtumishi mmoja Afrika unakula watu kumi. Ukimkata yeye umewakata wote, na wote watatoka.

Vyama vya wafanyakazi vikaungana, vikaita mgomo Jumatatu tarehe 3 Januari 1966. Serikali ikatangaza hali ya hatari. Na mnajua nani walioonekana barabarani mapema asubuhi ile? Wasichana wa chuo cha ualimu, wakiongozwa na mkuu wao, Bi Jacqueline Ki-Zerbo. Waliomba mkate, maji na demokrasia. Watu walipoona mabinti wanapita mbele ya askari, hakuna mzazi aliyeweza kubaki ndani. Hadi jioni Yaméogo ameachia madaraka, na Luteni Kanali Sangoulé Lamizana ameshika nchi. Siku moja tu.

Kwa hiyo Mama Zuhura, wanawake wa 2014 walikuwa na waliowatangulia. Mumewe Jacqueline ni Joseph Ki-Zerbo, mwanahistoria aliyehariri juzuu la kwanza la Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO. Mzee huyo, alipouawa mwandishi wa habari Norbert Zongo tarehe 13 Desemba 1998, pamoja na wenzake, gari likachomwa barabarani Sapouy, alikuwa miongoni mwa waliotoka kudai ukweli wakati tayari ni mtu mzima wa miaka sabini na sita. Neno lao lilikuwa la Kidioula: naan laara, an saara. Tukilala, tumekufa. Miaka kumi na sita mfululizo walikuwa wanaandamana kila Desemba kwa ajili ya Zongo. Hapo ndipo miguu ilipozoea barabara. Siku nne za Mwalimu zina miaka hiyo yote chini yake.

Bujumbura hawakuwa na 3 Januari yao. Walichokuwa nacho ni kumbukumbu ya mauaji ya 1972 na 1993, na mtu mwenye kumbukumbu hiyo akisikia risasi anafunga mzigo. Simlaumu hata kidogo. Mimi mwenyewe Tabora niliwahi kukaa na mafundi Warundi waliotoka kwao mwaka ule wa 1972. Ukidondosha spana kwenye sakafu ya zege wanashtuka wote.

Kijana wa Kibirizi

Wazee shikamooni. Mama Zuhura, mimi ni mvuvi, nakula kwako mara nyingi ingawa hunijui kwa jina. Nauliza kwa moyo safi: ilisaidia nini? Walimtoa Compaoré, leo nchi hiyo inatawaliwa na wanajeshi, mapinduzi mawili ndani ya mwaka mmoja wa 2022, na watu wanauawa vijijini kila wiki. Baba yangu mdogo anasema bora mtawala unayemjua. Nikisoma habari za Sahel nashindwa kumjibu.

Mwalimu wa Kifaransa, Kasulu

Mdogo wangu, swali lako ni la haki na sitalikwepa.

Kwanza nikukumbushe Septemba 2015, maana watu wengi huiruka. Kikosi cha Ulinzi wa Rais, kilichoachwa na Compaoré, chini ya Jenerali Gilbert Diendéré, kilimkamata rais wa mpito Michel Kafando na waziri mkuu wake wiki chache kabla ya uchaguzi. Kilikuwa ndicho kikosi chenye silaha bora nchini. Vijana wakaweka vizuizi mitaani, wakachoma matairi, hawakuondoka hata walipopigwa risasi. Askari wa kawaida kutoka kambi za mikoani wakaanza kuja Ouagadougou kuwasaidia, na njiani wananchi wakawashangilia. Makubaliano ya kuepusha vita yakafanyika mbele ya Mogho Naba, mfalme wa Wamossi. Ndani ya wiki moja Kafando amerudi kitini. Diendéré akakamatwa. Uchaguzi ukafanyika tarehe 29 Novemba 2015 na Compaoré hayumo. Nchi ngapi zimezima mapinduzi ya kijeshi kwa matairi na filimbi?

Pili, kesi. Thomas Sankara, rais aliyemtangulia Compaoré, aliuawa tarehe 15 Oktoba 1987 na wenzake kumi na wawili, na cheti chake cha kifo kiliandikwa kwamba alikufa kifo cha kawaida. Tangu 1997 mjane wake, Mariam, aligonga milango ya mahakama bila kufunguliwa. Baada ya 2014 ikafunguliwa. Tarehe 6 Aprili 2022 mahakama ya kijeshi ikawahukumu Compaoré, asiyekuwepo, na Diendéré kifungo cha maisha. Kwa Compaoré kubaki madarakani kesi ile isingesikilizwa kamwe. Mwambie baba yako mdogo hilo.

Lakini yale uliyosema ni kweli. Vikundi vyenye silaha vilishambulia hadi katikati ya Ouagadougou Januari 2016, na kufikia 2023 serikali yenyewe ilihesabu zaidi ya watu milioni 2 waliokimbia makazi yao. Walioingia 2022, kwanza Damiba na baadaye Ibrahim Traoré, waliingia kwa hoja hiyo ya usalama. Wapo wanaosema Compaoré alikuwa na mazungumzo yake ya chini kwa chini na vikundi hivyo, na alipoondoka yakakatika. Hata kama ni hivyo, mimi nasema amani inayokaa mfukoni mwa mtu mmoja si mali ya nchi. Na vita vya Sahel vilitokea Mali 2012, Compaoré akiwa bado ikulu. Wanawake wa miiko hawakuvileta.

Kinachonisikitisha mimi ni kingine: kwamba mara zote, 1966, 2014 na hata leo, watu wanafanya kazi ya kuangusha na mwenye bunduki ndiye anayekaa. Lamizana, halafu Luteni Kanali Zida aliyeshika nchi mara tu Compaoré alipoondoka, sasa Traoré. Mwaka 2014 walisukumana na jeshi hadi wakapata raia wa kuongoza mpito, na ilichukua wiki mbili na ushei za kukesha. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko bunge kuungua, na haina picha.

Mstaafu wa Reli, Tabora

Kijana, marahaba. Baba yako mdogo nampa heshima yake. Ila "mtawala unayemjua" kwa mama yule wa Musaga alikuwa ndiye aliyemleta Kagunga.

Mama Zuhura, Mwanga – Kigoma

Asanteni sana, Mwalimu, Mzee wangu wa Tabora, na wewe mwanangu wa Kibirizi, ukija kesho jitambulishe, nikujue.

Nimeyasoma haya kwa sauti jana usiku, binti yangu Zuhura akisikiliza. Yuko kidato cha nne. Aliniuliza jambo ambalo sikulifikiria: yule mama Mrundi alikuja na mwiko kutoka Bujumbura, je, aliufunga kabla ya kukimbia au alikuwa nao mkononi? Maana mtu anayekimbia risasi hachagui mwiko. Anashika mtoto, anashika vyeti. Zuhura anasema labda wanawake wa Musaga nao walishaanza kuzungumza juu ya miiko, na mwiko ule ulikuwa umeandaliwa kwa maandamano ambayo hayakufanyika.

Sina jibu. Nimekumbuka tu kwamba haukuwa mkongwe. Mwiko wa mama wa makamo huwa umeliwa upande mmoja, upande ule anaosukumia ugali, na mpini umepata weusi wa moshi na jasho. Wangu uko hivyo, wa bibi ulikuwa hivyo. Ule ulikuwa mweupe, mpini mrefu, umechongwa karibuni. Nauona hadi sasa kwenye sufuria ya uji. Uji wa kwanza kuugusa ulikuwa huo wetu wa pale uwanjani.

Kama kuna mtu hapa anayefanya kazi Nyarugusu au anayejua waliorudi Burundi, mama huyu alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto na mwanawe wa mgongoni alikuwa na umri wa mwaka mmoja hivi, wa kike. Atakuwa binti mkubwa sasa. Mwambieni mama wa uji wa Mwanga anamsalimu, na kwamba nimeshaelezwa habari ya mwiko wake.